Mpira wa Kupumulia na Meno ya Mtoto Njiti

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu alizaliwa na wiki 29, akasaidiwa na mashine ya kupumulia kwa mpira uliopitishwa mdomoni. Sasa ana miezi 14. Kaakaa lake lina mfereji katikati, na jino moja la mbele juu, upande wa kushoto, limetoka na doa la njano na kishimo. Wifi yangu anasema ni meno ya plastiki, yang'olewe. Nifanye nini?
Mama Njiti, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza nakusihi usikubali mtu yeyote aguse fizi za mtoto huyo. Meno ya plastiki hayapo. Kinachokwanguliwa ni vijino halisi vinavyoendelea kukua, na watoto wamepoteza maisha kwa kutokwa damu na kwa maambukizi yanayofuata.

Mfupa wa kaakaa la njiti ni laini mno, na kwa kawaida ulimi ndio unaoutandaza kwa kuugusa kila mtoto anaponyonya na kumeza. Mpira unapokaa mdomoni kwa muda mrefu huuzuia ulimi kufanya kazi hiyo, na kaakaa huweza kubaki jembamba na lililoinuka. Mara nyingi mfereji hupungua baada ya mpira kutolewa, ingawa kwa baadhi ya watoto kaakaa hubaki jembamba na kuathiri mpangilio wa meno.

Kuhusu jino, daktari anayeingiza mpira hushika kifaa cha kuangalizia koo kwa mkono wa kushoto, na kifaa hicho kikiegemea fizi ya juu ya kushoto ya mtoto huweza kuumiza chipukizi la jino lililo chini yake. Sababu nyingine ni upungufu wa madini: kalsiamu na fosfeti nyingi humfikia mtoto katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ambayo sehemu yake kubwa mwanao hakuipata tumboni. Hata hivyo, bila mpira ule huenda asingeishi, kwa hiyo usijilaumu wala usiwalaumu waliomhudumia.

Jino lenye tabaka dhaifu la nje huoza upesi. Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, wala asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Ukiona meno mengine yanachelewa, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, yaani punguza wiki 11. Mpeleke kliniki ya meno mwezi huu, ukiwa na karatasi ya ruhusa ya hospitali inayoonyesha mpira ulikaa kwa siku ngapi.