Jiji letu linataka kodi ya mauzo ya nusu asilimia: tuanzie wapi?

Swali: Niko kwenye kamati ya wananchi inayoishauri halmashauri ya jiji letu, California, kuhusu mapato. Madiwani wetu watano wanataka kupendekeza kodi ya mauzo ya 0.5% kwa ajili ya barabara na zimamoto. Idara ya fedha inasema itatuletea dola milioni 3 kwa mwaka, kwa kuwa ile 1% tunayopata sasa hutupa milioni 6. Je, hesabu hiyo ni sahihi? Na taratibu za kuifikisha kwa wapiga kura zikoje?

Jibu: Hesabu hiyo si ya kutegemea. Naanza nayo kwa sababu ndiyo itakayochapishwa kwenye karatasi ya kura: sheria ya jimbo inataka maelezo ya pendekezo, yasiyozidi maneno 75, yataje makadirio ya mapato kwa mwaka, kiwango cha kodi na muda wake. Mkitaja milioni 3 zikapatikana milioni 2, wapiga kura hawatawasahau.

Kosa liko hapa. Kiwango cha msingi cha California ni 7.25%, na ndani yake 1% ni ya jiji. Hiyo 1% kwa kawaida hufuata mahali mauzo yalipofanyika. Kodi ya nyongeza mnayoitaka hufuata mahali bidhaa inakopelekwa au kutumika. Kwa gari, ni anwani ya usajili. Tuseme katika milioni 6 zenu, milioni 1.8 zinatokana na maduka ya magari, na mnunuzi mmoja tu kati ya watano ni mkazi wenu. Msingi wenu unashuka kutoka milioni 6 hadi milioni 4.56, na nusu yake ni milioni 2.28. Kisha ongezeni magari ambayo wakazi wenu hununua miji mingine, pamoja na mizigo ya mtandaoni inayofikishwa milangoni mwao. Jiji lenye maduka mengi ya magari hujikuta limekadiria zaidi. Jiji la makazi lenye maduka machache hupata zaidi kuliko lilivyotarajia. Idara ya fedha ichambue takwimu za kila robo mwaka kwa aina ya biashara, kwa miaka mitatu angalau, kabla ya mtu yeyote kutaja kiasi hadharani.

Uamuzi wa pili ni aina ya kodi, na hapa ndipo mapendekezo mengi huanguka. Kodi ya jumla huingia mfuko mkuu na hupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Kodi maalumu, iliyofungwa kisheria kwa matumizi fulani, inahitaji theluthi mbili. Sheria yenu ndogo ikisema fedha zitatumika kwa barabara na zimamoto tu, hiyo ni kodi maalumu, hata mkiiita jina jingine. Kwa kodi ya jumla mnaweza kuzitaja barabara kama mfano wa huduma, lakini halmashauri haifungwi kuzilipia. Waelezeni wananchi hilo bila kuficha. Ushauri wangu: kama hamna uhakika wa theluthi mbili, chagueni kodi ya jumla, kisha andikeni ndani yake ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka, kamati ya usimamizi yenye wananchi, na tarehe ya kikomo.

Aina yoyote mtakayochagua, halmashauri yenyewe lazima ipitishe pendekezo kwa theluthi mbili ya wajumbe *wote*. Kwa madiwani watano hizo ni kura nne. Asiyehudhuria ni sawa na aliyekataa, kwa hiyo hakikisheni mahudhurio. Kodi ya jumla hupigiwa kura pamoja na uchaguzi wa kawaida wa madiwani. Njia pekee ya kukwepa hilo ni madiwani kutangaza dharura kwa kauli moja.

Kabla ya hapo, angalieni nafasi iliyobaki. Kodi zote za nyongeza zinazotozwa mahali pamoja ndani ya kaunti zina ukomo wa 2%, isipokuwa zile ambazo Bunge la jimbo limezisamehe kwa sheria mahususi. Kodi ya usafiri ya kaunti huenda imeshakula sehemu kubwa. Viwango hupanda kwa hatua za 0.125%, hivyo kama 0.5% haienei, 0.375% inawezekana.

Kwa kaya, 0.5% ni dola 5 katika kila 1,000 za manunuzi yanayotozwa, na dola 150 kwenye gari la 30,000. Unga, mchele, nyama na mboga za kupika nyumbani havitozwi, wala dawa zilizoandikwa na daktari, wala pango la nyumba. Chakula cha moto cha mgahawani hutozwa. Hata hivyo mzigo huu humwelemea zaidi mwenye kipato kidogo, na mjadala wenu useme hivyo.

Fedha za jiji zinaweza kulipia maelezo yasiyoegemea upande, si kampeni. Mahakama ya Juu ya California iliweka msingi huo mwaka 1976 katika kesi ya Stanson dhidi ya Mott. Barua yenye jina la jiji inayosema "pigeni kura ya ndiyo" inatosha kuwapeleka mahakamani.

Kalenda: azimio la kuitisha kura lifike kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti siku 88 kabla, yaani mapema Agosti kwa kura ya Novemba. Pendekezo likipita, mnaingia mkataba na idara ya kodi ya jimbo, CDTFA, ambayo hukusanya kwa niaba yenu na kuwatoza gharama za maandalizi. Kodi huanza siku ya kwanza ya robo mwaka inayokuja baada ya zaidi ya siku 110 tangu kupitishwa. Kwa kura ya Novemba, kwa kawaida ni tarehe 1 Aprili. Msichelewe kuwasilisha matokeo yaliyothibitishwa, la sivyo mtasogezwa hadi 1 Julai. Malipo ya kwanza hufika takriban miezi miwili baada ya kodi kuanza, hivyo katika mwaka wa fedha unaoishia 30 Juni msihesabu zaidi ya robo moja ya mapato ya mwaka.