Kambi ya jeshi iliyogeuka bustani ya watu: maswali yenu kuhusu Presidio

Safu iliyopita niligusia Presidio, kambi ya zamani ya jeshi jijini San Francisco, Marekani, ambayo leo ni hifadhi ya wazi kwa kila mtu. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea. Kwa wanaoingia leo: ni ekari zipatazo 1,490 kwenye ncha ya kaskazini ya jiji, pale daraja la Golden Gate linapoanzia. Ilikuwa nchi ya Waohlone, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Wahispania walijenga ngome yao hapo mwaka 1776, ikaja kuwa ya Mexico, Wamarekani wakaishika mwaka 1846, na mwaka 1994 jeshi likaikabidhi kwa Idara ya Hifadhi za Taifa.

Kwa bei ya ardhi ya jiji lile, ilikuwaje wenye fedha wasiigawane? (Msomaji, Tanga)

Sheria iliwawahi. Mwaka 1972, Bunge la Marekani lilipounda hifadhi ya pwani ya Golden Gate, mbunge Phillip Burton aliingiza kifungu kimoja: siku jeshi litakaposema haliihitaji tena Presidio, ardhi iingie moja kwa moja kwenye hifadhi hiyo. Kambi ilikuwa hai wakati huo, askari wamo, bendera inapandishwa kila asubuhi, na hakuna aliyeona kwamba siku hiyo ingekuja. Ikaja. Mwishoni mwa 1988 tume ya kuchagua kambi za kufungwa iliitaja Presidio. Burton alikuwa amefariki tangu 1983, lakini kifungu chake kilikuwa pale pale kinasubiri.

Hapa ndipo ninaposimama mimi. Ardhi ya umma hulindwa wakati bado inatumika. Ukingoja ibaki tupu, utamkuta mtu na vigingi vyake amekwisha kupima viwanja.

Nani analipa? Kukata nyasi za ekari zote hizo si mchezo. (Msomaji, Nairobi)

Si mchezo kabisa, na nyasi ndizo rahisi. Mzigo ni majengo: yalibaki karibu 800, zaidi ya nusu yakiwa ya kihistoria, yasiyoruhusiwa kubomolewa ovyo. Mwaka 1996 Bunge liliunda shirika la serikali liitwalo Presidio Trust, lenye bodi ya watu saba, likalikabidhi sehemu kubwa ya ndani. Ukanda wa pwani ukabaki kwa Idara ya Hifadhi. Sharti lilikuwa kali: shirika lijitegemee ndani ya miaka 15, la sivyo ardhi ipelekwe kwenye ofisi inayouza mali za serikali.

Kwa hiyo walipangisha. Nyumba za maofisa zikawa nyumba za raia, mabweni yakawa ofisi. Hospitali kubwa ya jeshi ya Letterman ilibomolewa, na mwaka 2005 mahali pake pakafunguliwa ofisi za kampuni ya filamu ya George Lucas. Ilipofika 2013 shirika likaacha kutegemea ruzuku ya kila mwaka.

Sasa niseme linaloniuma. Kodi za pale zinafuata soko, na soko la San Francisco halimjui mwalimu wala mpishi. Bustani ni ya wote, lakini anayeamka na kufungua dirisha juu yake mara nyingi ni mwenye kipato kinono. Siwezi kulipamba jambo hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba sharti la kujitegemea halikuifanya bodi ikubali kila mwenye fedha aliyebisha hodi: Februari 2014 ilikataa mapendekezo yote matatu ya jengo kubwa karibu na ufuko wa Crissy Field, likiwemo jumba la makumbusho la Lucas huyo huyo, mpangaji wake mkubwa. Jirani na hapo, mwaka 2022, ikafungua ekari 14 za bustani juu ya mahandaki ya barabara kuu, mahali ambapo zamani barabara ya juu ilikuwa imeitenga kambi na bahari.

Kambi za jeshi huacha sumu ardhini. Waliisafishaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa: majalala yaliyofukiwa, mafuta yaliyovuja, rangi zenye madini ya risasi. Mwaka 1999 jeshi lilikubali kutoa takribani dola milioni 99, na shirika likabeba usimamizi wa usafishaji. Kazi ilikwenda kwa miaka mingi. Yeyote anayeota bustani juu ya kambi na aanze na hesabu hii. Kuchora vijia vya kutembea kutafuata.

Crissy Field ndipo pa kupatazama. Palikuwa kinamasi cha maji ya chumvi, kikafukiwa, kikatumika katika maonyesho ya kimataifa ya 1915, kisha kikawa uwanja wa ndege za jeshi na bahari ya lami. Lami ikang'olewa, udongo ukachimbwa, na mwaka 2001 uwanja ukafunguliwa upya, maji ya bahari yakiingia na kutoka kwa kupwa na kujaa kama zamani. Mimea ipatayo laki moja ilipandwa, kwa mikono ya watu wengi wa kujitolea, wakiwemo watoto wa shule. Ndege wa majini walirudi. Aliyekulia karibu na mikoko anajua maana ya maji kurudishiwa njia yake.

Kiingilio ni shilingi ngapi? (Msomaji, Arusha)

Hakuna. Unaingia kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi. Ukija na gari, maegesho ndiyo utakayolipia sehemu nyingi.

Kuna mmea uliodhaniwa umetoweka ukaonekana tena hapo. Ni kweli? (Msomaji, Zanzibar)

Ni kweli. Ni kichaka cha jamii ya manzanita, cha San Francisco peke yake, ambacho tangu miaka ya 1940 hakikuwa kimeonekana porini. Mwaka 2009, wakati barabara ile iliyoitenga kambi na bahari ikijengwa upya, miti ya pembeni ilikatwa, na mtaalamu wa mimea aliyekuwa akipita na gari akakiona kimebaki peke yake kandoni mwa barabara. Mapema 2010 kikahamishwa na udongo wake wote hadi mahali pa siri ndani ya Presidio. Wapo watakaosema ni gharama kubwa kwa kichaka kimoja. Mimi nasema ndicho kilichokuwa kimebaki.

Si kufuta historia, kupanda maua mahali pa mabavu? (Msomaji, Bujumbura)

Swali lako nimelala nalo siku mbili. Maua yanaweza kufuta, kweli, kama hakuna anayesimulia. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Jenerali John DeWitt, mkuu wa ulinzi wa magharibi, alitoa amri zake akiwa Presidio. Kwa amri hizo, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani, waliondolewa majumbani mwao na kufungiwa kambini. Na katika kambi hiyo hiyo, kuanzia Novemba 1941, ndani ya ghala la ndege la Crissy Field, jeshi lilikuwa na shule ya siri ya lugha ya Kijapani. Karibu wanafunzi wote walikuwa vijana wa asili ya Kijapani, wakijifunza kuitumikia nchi ambayo muda si mrefu ingewafunga wazazi wao.

Jengo lile, namba 640, halikubomolewa. Leo ni kituo cha historia, na mambo hayo mawili yanasimuliwa ndani yake pamoja. Ingekuwa ardhi imeuzwa kwa viwanja, nadhani lingekuwa la kwanza kuangushwa, maana lilikuwa ghala tu, halina sura ya kumvutia mnunuzi.

Sisi pwani tuna mfano? (Msomaji, Mombasa)

Unao mlangoni, ndugu yangu. Ngome ya Fort Jesus ilijengwa na Wareno 1593 hadi 1596, Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikawa ya kumbukumbu, na 2011 ikaingia orodha ya urithi wa dunia. Neno lenyewe gereza, kwa wazee wa pwani, lilimaanisha ngome na jela kwa pamoja.

Presidio sasa iko salama? (Msomaji, Oslo)

Sheria ya 1996 bado ipo, lakini Februari 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kupunguza mashirika kadhaa hadi kiwango cha chini kabisa ambacho sheria inaruhusu, na Presidio Trust ilitajwa kwa jina. Kilicholiwekea kinga ni kwamba lina msingi wa kisheria na kwamba shughuli zake za kila siku linazilipia lenyewe. Sharti lile kali nililolilalamikia hapo juu ndilo lililogeuka ngao, na sina budi kulikiri.

Mtu mweusi ana nafasi gani katika historia hiyo? (Msomaji, Minneapolis)

Kubwa kuliko wengi wanavyojua. Wanajeshi weusi wa vikosi vya Buffalo Soldiers waliishi Presidio, na mwaka 1903 ndio waliomsindikiza Rais Theodore Roosevelt alipozuru San Francisco. Majira ya joto walipanda farasi kutoka kambini hapo kwenda milimani kulinda hifadhi za Yosemite na Sequoia dhidi ya majangili na wachungaji wa mifugo waliovamia, miaka zaidi ya kumi kabla Idara ya Hifadhi za Taifa haijaundwa mwaka 1916. Mwaka huo wa 1903 msimamizi wa Sequoia alikuwa Kapteni Charles Young, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Barabara ambayo askari wake waliifungua ilifikisha magari ya farasi kwenye msitu wa miti mikubwa kwa mara ya kwanza.

Zaidi ya 400 kati ya Buffalo Soldiers wamezikwa katika makaburi ya taifa ndani ya Presidio, kwenye mteremko unaotazama mlango wa bahari. Ukifika, anzia hapo.