Baba anayemsaka binti yake: anza na Paradox ya 2017

Mkuu, umeuliza muvi ya ngumi ya Kiasia ambayo baba anamtafuta mtoto wake kufa na kupona. Jibu langu ni Paradox, ya Hong Kong, mwaka 2017, ya muongozaji Wilson Yip, yule yule wa filamu ya Ip Man. Nimeendesha kibanda cha video miaka mingi, na hii ni kati ya chache ambazo wateja walitoka bila kubishana nani mkali kuliko nani.

Louis Koo ni polisi wa Hong Kong ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu walioshika mateka mpaka walegee. Binti yake anakwenda Pattaya, Thailand, kwa rafiki yake, na huko anapotea. Baba anamfuata, anaungana na polisi wa huko anayechezwa na Wu Yue, ambaye mke wake ni mjamzito. Nyuma ya sakata ipo biashara ya viungo vya binadamu, na wakubwa wamo. Zaidi ya hapo sikumalizii uhondo.

Watu wanaifananisha na Taken ya 2008. Kule baba ni jasusi mstaafu, unajua mapema kwamba wabaya wamekwisha. Huku kinachouma ni kilichotokea kabla ya safari. Binti alimwambia baba ana mimba na anataka kuolewa na mpenzi wake. Baba akatumia upolisi wake, kijana akakamatwa, mimba ikatolewa. Mtu anayewatuliza wageni wenye silaha alishindwa kukaa na mwanawe wakaongea! Kipande hicho kilipofika, kibanda kizima kilinyamaza. Mzee mmoja mwenye mabinti, ambaye kawaida hupiga kelele kuliko vijana, alisema tu, "Angemsikiliza kwanza." Ndiyo maana kila ngumi anayorusha baada ya hapo ina uzito: anamsaka mtoto aliyeachana naye vibaya.

Mapigano yamepangwa na Sammo Hung, na hapa nampa heshima zote. Koo hakutokea kwenye sanaa za mapigano kama Wu Yue au Tony Jaa, yule Mthai ambaye naye yumo humu, na Sammo hakulazimisha aonekane bingwa. Tazama anavyopigana: anavamia, anang'ang'ania, anakula kichapo na kunyanyuka, kama mzazi ambaye akili imeshamruka. Mtazame Wu Yue papo hapo, mapigo safi, miguu inaruka inavyotakiwa. Tofauti hiyo inakueleza nani anafanya kazi na nani anaumia. Kwenye tuzo za filamu za Hong Kong za 2018, Koo alichukua muigizaji bora wa kiume na Sammo akachukua upangaji wa mapigano. Walistahili kabisa.

Kama unaifuata kwa ajili ya Tony Jaa, ujue hapa si steringi, sehemu yake ni fupi. Ukimtaka yeye, tafuta SPL 2 ya 2015, ambamo ni askari magereza mwenye binti anayeumwa saratani ya damu, anahangaika kumpata wa kumchangia uboho. Humo Koo yuko upande wa pili: ni bosi mgonjwa anayeutaka moyo wa mdogo wake wa damu. Hadithi hizo mbili haziungani, kwa hiyo anza na yoyote, ila Paradox usiiweke watoto wakiwa sebuleni.