Siliaki: kuacha ngano ni nusu ya kazi

SWALI: Niligundulika na ugonjwa wa siliaki, ule ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mtu akila gluteni (protini ya ngano, shayiri na nafaka ya rai), miezi 14 iliyopita. Sigusi ngano, shayiri wala rai, nanunua vyakula vilivyoandikwa "bila gluteni" na tumbo limetulia. Lakini bado nachoka sana, na juzi nimeambiwa nina upungufu wa damu. Kuna mtu ananiuzia vidonge vya kusafisha utumbo, anasema nikivimaliza nitakula hata mkate wa kawaida. Nivinywe?

JIBU: Usivinywe, dada. Hakuna kidonge kinachoponya siliaki, na anayekuruhusu mkate anakurudisha ulikotoka. Miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, yaani makombo machache ya mkate, zinaweza kuuumiza utumbo ndani ya miezi 3.

Sasa huo uchovu. Wagonjwa wangu huwa nawaomba waje na pakiti za vyakula wanavyokula. Tunaigeuza ya biskuti, tunasoma nyuma: wanga wa mahindi, sukari, mafuta, unga wa mchele mweupe. Madini ya chuma hayamo, foleti (vitamini B9) haimo, nyuzinyuzi kiduchu. Mgonjwa ananitazama kama aliyeibiwa, maana kwa mwaka mzima aliamini kwamba anakula dawa. "Bila gluteni" ina maana moja tu: gluteni haizidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Haisemi lolote kuhusu lishe. Nchi nyingi huongeza chuma na asidi ya foliki, yaani foleti ya kutengenezwa, kwenye unga wa ngano. Bidhaa mbadala mara nyingi haziongezewi. Umeiacha ngano, na chuma chake umekiacha humo humo.

Tena siliaki hushambulia mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali hasa panapofyonzwa chuma, foleti na kalsiamu. Tumbo kutulia si ushahidi kwamba utumbo umepona. Kwa mtu mzima huchukua hata miaka 2, wakati mwingine zaidi.

Mwombe daktari akupime feritini (akiba ya chuma mwilini), foleti, vitamini B12, vitamini D na kingamwili za siliaki (protini za kinga ambazo mwili hutoa ukila gluteni), na muulize kuhusu kipimo cha mifupa. Vidonge vya chuma akuandikie yeye. Jikoni, punguza hizo pakiti. Kula maharage, dengu, mayai, samaki, nyama, mboga za majani, mtama au ulezi usiokobolewa. Maharage yasindikize na tunda chachu, na chai isubiri saa moja au mbili baada ya mlo: tunda husaidia chuma kufyonzwa, chai hukizuia.

Wauza vidonge hawa wana madhara mengine yanayoniuma zaidi. Wanawaambia watu wenye tumbo linalosumbua waache ngano leo leo, bila kipimo. Mtu akishaiacha kwa muda, kingamwili hushuka, kipimo cha damu kinasema hana kitu, na ukweli unafichika. Wewe una wazazi, pengine ndugu na watoto: kati ya ndugu wa damu wa karibu, takriban 1 katika 10 huwa na siliaki pia. Waambie wapimwe wakiwa bado wanakula ngano.