Mnaoniuliza Kama Mje London Kuigiza

Wasanii wenzangu wa Nairobi, maswali yenu nimekuwa nikiyajibu nusunusu kwa ujumbe wa sauti nikiwa kwenye basi. Mnataka kujua kama uigizaji huku unalipa, na kama kuna maana ya kufunga virago mje. Leo nawajibu wote pamoja, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Unalipa ukiipata kazi. Ukumbi mkubwa una mkataba ulioandikwa kila kitu: saa za mazoezi, mapumziko, malipo ya wiki, hata pesa ya kuzidisha muda. Chama cha waigizaji, Equity, kipo tangu 1930 na ndicho kinachopatana na wenye kumbi kuhusu kima cha chini. Pesa inaingia siku iliyosemwa. Nyinyi mliowahi kumfuata mtayarishaji miezi mitatu, na kila mkimpigia yuko mkutanoni, mnajua hilo si jambo dogo. Wakala wako atakata kati ya asilimia 10 na 15, lakini yeye ndiye anayesumbuana na watu, si wewe.

Shida iko kwenye hilo “ukiipata”. Nairobi nilikuwa naigiza! Tukizunguka na tamthilia teule, zile zinazotahiniwa shuleni, asubuhi tuko shule moja Machakos, mchana tuko Thika, ukumbi umejaa wanafunzi wanaojua maneno kuliko wewe na wanaokuzomea ukiruka mstari. Huko ndiko nilikojifunza kutoa sauti bila kipaza. Huku naweza kukaa miezi bila kukanyaga jukwaa, na nikilikanyaga, pengine ni chumba kilicho juu ya baa, watazamaji hawajazi matatu mbili, na mapato tunagawana baada ya mwenye ukumbi kutoa chake. Kodi ya nyumba inalipwa na kazi nyingine. Mimi natunza wazee: nawaogesha, nawapa dawa, nawasikiliza. Ni kazi ya heshima na siionei haya. Ila msidhani mwigizaji wa majuu anakula kwa uigizaji. Hata Waingereza wenyewe, wengi niliokutana nao wanahudumu mikahawani.

Odisheni nazo siku hizi huitwi ofisini, unajirekodi. Kurasa mbili zinaingia jioni, wanazitaka kesho kabla ya saa sita. Nabandika shuka la kijivu ukutani, naegemeza simu kwenye kopo la majani chai juu ya kabati, na jirani yangu wa chumba cha pili, Mghana wa zamu ya usiku, ananisomea maneno ya mwenzangu huku kashavaa koti la kutoka. Mara nyingi mimi ni mkimbizi, askari wa msituni au dereva wa teksi. Maelezo yanataka “lafudhi ya Kiafrika”, basi, Afrika nzima. Nikizungumza kama mtu wa Eastlands, jibu linarudi: ongeza kidogo. Niongeze nini? Wanataka ile sauti waliyoizoea sinemani, ya mtu ambaye Nairobi hajawahi kuiona. Hiyo bado inanikera.

Sasa viza, ambayo hamtaambiwa na hao wanaowauzia vyuo pale katikati ya jiji. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini haruhusiwi kuwa msanii wa burudani wa kulipwa, isipokuwa yale mafunzo ya kazi ambayo kozi yenyewe inayalazimisha. Haruhusiwi kujiajiri pia, na waigizaji wengi huku huhesabiwa kuwa wamejiajiri. Ukihitimu ipo viza ya wahitimu inayokufungulia mlango, nayo ni ya muda mfupi. Mimi nilikuja kwa viza ya familia, kwa hivyo msinichukue mimi kuwa mfano. Na wewe unayetaka kuuza ploti ya Kitengela ulipe karo, usiuze. Tafuta ufadhili kwanza.

Najua mtanitajia Lupita Nyong’o. Sawa, tumtaje. Alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye filamu iliyopigwa Kenya, akaigiza kwenye tamthilia ya televisheni ya Shuga hapo Nairobi, kisha akasomea uigizaji Yale hadi 2012. Oscar ikaja 2014. Edi Gathegi, mwigizaji mwingine wa Hollywood, naye alizaliwa Nairobi 1979, lakini amekulia California. Uigizaji aliuanza chuoni baada ya kuumia goti kwenye mpira wa vikapu, halafu akausomea tena New York. Wote wawili walipitia shule ndefu. Hakuna aliyeshuka uwanja wa ndege na sanduku akaanza kubisha milango.

Mbona basi mimi sirudi? Kwa sababu ya mazoezi. Nairobi tulikuwa tunakutana jioni baada ya kibarua, huyu amekwama kwenye foleni ya Thika Road, yule hajafika kabisa, na wikendi onyesho. Huku ukipata kazi nzuri, unalipwa wiki tatu au nne za kushinda chumbani na mwelekezi mkitafuta ni kwa nini mtu anakaa badala ya kusimama. Mwezi ujao naanza mchezo mmoja, nacheza mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Ana kurasa nne tu. Zamu za wazee nimeshaziomba ziwe za wikendi, na Mghana ameanza kuyashika maneno ya mpangaji.