Waya wa breki ya dharura ya trela hufungwa wapi
Waya wa kuwasha breki za umeme trela inapochomoka haufungwi kwenye ndoano ya kuvutia trela wala kwenye minyororo ya usalama, bali kwenye chesisi ya gari linalovuta, kwa sababu ndoano yenyewe ikikatika na kuondoka na trela, waya huondoka nayo bila kuvutwa na breki hazishiki. Betri ya trela nayo lazima iwe na chaji: kanuni za shirikisho za Marekani kwa magari ya biashara zinataka breki zibaki zimeshika angalau dakika 15, na betri iliyochoka haifikishi. Kujaribu breki hizi, chomoa kwanza plagi inayotoka kwenye gari, kisha vuta pini ya swichi, ile inayoshikwa na waya huo. Magurudumu ya trela yakizunguka unapojaribu kuisogeza, usisafiri.