Barua kwa Dada Fundi: Nimeambiwa kompyuta yangu haina sifa

SWALI: Dada Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, naishi Muheza. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, HP Compaq Elite 8300, RAM GB 4, niliyoinunua Tanga mjini nikiwa bado kazini. Ndiyo ninayochapia mitihani ya majaribio ya darasa la saba kwa shule za jirani, kisha naitoa kwenye printa yangu ya HP LaserJet P1102. Ina Windows 10, nayo siku hizi imekuwa nzito: naiwasha, nakwenda kuinjika chai, narudi bado haijafunguka. Tena kioo kinaniandikia kwamba msaada wa Windows 10 umekwisha. Nikijaribu kupanda Windows 11 najibiwa kwamba mashine haina sifa. Kijana wa dukani anasema atanipigia Windows 11 kwa nguvu, jioni moja tu. Mwanangu anasema niiuze ninunue laptopu. Nifuate la nani?
Mwalimu Mstaafu, Muheza

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usiiuze, na huyo kijana mwambie angoje kwanza.

Barua yako imebeba magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake. Mashine ni nzito, hilo moja. Windows yake imezeeka, hilo la pili. Wateja wengi wanaoniletea mashine hudhani Windows mpya italeta wepesi. Haileti. Windows 11 inakula zaidi ya Windows 10, kwa hiyo ukiipiga juu ya mashine iliyo nzito utapata mashine nzito zaidi yenye sura mpya.

Tuanze na uzito. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia palipoandikwa "Performance", kisha utazame mstari wa "Disk". Ukikuta diski imegota asilimia 100 na wewe hujagusa kitu, huku prosesa (CPU), ubongo wa kompyuta, inasoma asilimia 10 au 15, mgonjwa umemjua. Prosesa haina la kufanya, inakaa inasubiri hadi diski ya kuzunguka imletee kazi. Dawa yake ni SSD, yaani diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5. GB 240 zinakutosha na kubaki, maana mitihani ni maandishi, haijazi diski. Mashine yako inaipokea bila kubadilisha kitu kingine. Ukiwa na nafasi ongeza na RAM ifike GB 8, lakini uwe macho dukani: Elite 8300 ya mnara inatumia DDR3 ya kompyuta ya mezani. DDR4 haiingii, mkato wake uko mahali pengine, na ya laptopu ni fupi. Nenda na kipande chako cha zamani mkononi, mpe muuzaji alinganishe. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD.

Kabla bisibisi haijagusa skrubu, mitihani yote iwe na nakala mbili, moja kwenye flashi na nyingine kwenye mashine ya mtu mwingine. Flashi peke yake siihesabu kuwa bekapu. Uangalie na "Desktop" na "Downloads", maana watu hunakili folda ya "Documents", wakaridhika, kumbe kazi ya miaka yote waliiweka mezani pale kwenye kioo. Hata diski ya zamani, ukishaitoa, usimwachie fundi. Ifunge kwenye nailoni uiweke kabatini hadi uridhike kwamba hakuna kilichopotea.

Sasa umri. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft walifunga msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo haina maana kwamba mashine itazimika. Maana yake ni kwamba tundu jipya la usalama likigundulika, hapaji tena kiraka cha kuliziba. Windows 11 nayo ilikuja na masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, ambazo zilianza kuuzwa 2017. Bofya kitufe cha kulia juu ya "This PC", chagua "Properties", usome jina la prosesa. Kwa mashine kama yako aghalabu utakuta kitu kama i5-3470. Ile 3 inayofuata kistari ndiyo kizazi. Na TPM yake ni 1.2. Kwa hiyo kompyuta haikukudanganya.

Hiyo "kwa nguvu" ya kijana ipo, wala si uchawi. Kuna njia ya kuruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na Windows 11 ikakaa. Mimi mwenyewe nimewapigia watu waliosisitiza. Ila mteja namweleza kabla hajatoa hela: Microsoft hawaahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na yale matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe. Lazima mtu ashushe faili la zaidi ya GB 5 na arudie ule ujanja. Bando la nani? Na mwaka ujao kijana huyo atakuwa bado yupo dukani hapo? Kwa mtu anayetegemewa na shule wiki ya mitihani, mimi singeifanya.

Ninachokushauri ni hiki. Kwa sasa baki na Windows 10, lakini uiandikishe kwenye mpango wa Microsoft wa viraka vya ziada, unaofika hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia uone kama toleo lako ni 22H2. Likiwa chini ya hapo, lipandishe kwanza. Kisha ingia "Settings", "Update & Security", "Windows Update", utafute maneno ya kujiandikisha. Kuna njia ya kulipa dola 30, na kuna njia ya bure: unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwao. Chukua ya bure. Paswedi ya akaunti hiyo iandike kwenye daftari, Mwalimu, nakuomba sana. Nusu ya kazi zangu ni watu waliosahau paswedi.

Ukiwa hapo hapo fanya na uchunguzi mdogo. Fungua "Command Prompt", andika slmgr /xpr, ubonyeze Enter. Ikijibu "permanently activated", yaani Windows imewezeshwa kwa kudumu, vizuri. Ikikutajia tarehe ya kuisha, basi aliyekupigia Windows alitumia ujanja wa leseni za maofisini, ambazo hudumu siku 180 kisha hutaka kuhuishwa. Ujanja huo mara nyingi hukaa ndani ya mashine kama programu iliyojificha, na ili iingie fundi huwa amezima kinga ya virusi. Kazima, kapiga, kasahau kuwasha. Ingia "Windows Security" uangalie.

Kinga hiyo ni muhimu kwako kuliko kwa mtu wa kuperuzi tu, kwa sababu kazi yako inakuja kwa flashi. Flashi ya shule inapita kwa mkuu, kwa karani, steshenari, halafu kwako. Ukiona folda zote zimegeuka vishale vya njia ya mkato, usibofye hata kimoja, ichanganue kwanza. Habari njema ni kwamba Defender, ile kinga iliyomo ndani ya Windows 10, itaendelea kuletewa orodha za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Inasaidia, ingawa haizibi matundu ya Windows yenyewe.

Na baada ya Oktoba 2026? Hapo ndipo ningekuhamishia Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Ni ya bure kihalali, na familia ya Mint 22 ina masasisho hadi 2029. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuniamini mimi: faili lake la karibu GB 3 linawekwa kwenye flashi, mashine inawashwa kwa flashi hiyo, na unaitumia bila kugusa kilichomo kwenye diski. Wakati huo wa majaribio fanya mambo mawili. La kwanza, chomeka printa. P1102 inahitaji kipande cha ziada cha programu ya HP kinachoshushwa mtandaoni, kwa hiyo uwe na intaneti, na usikubali kuambiwa "itafanya kazi" hadi karatasi itoke. La pili, fungua mtihani mmoja wenye sehemu nyingi na vipeuo, kwa LibreOffice, programu ya kuandikia mfano wa Word, inayokuja humo humo. Maneno yatakaa sawa, ila kanuni za hisabati zilizochapwa kwenye Word za zamani ndizo hupenda kuhama mistari. Mstari wa sehemu ukisogea, mtoto wa darasa la saba anasoma swali jingine kabisa. Wewe ndiye mwenye jicho la kuona hilo, fundi hawezi.

Mwanao mwambie laptopu isubiri.

SWALI: Assalaam aleikum dada. Niko Unguja. Kompyuta ya nyumbani kila asubuhi tarehe inarudi mwaka 2012, na nikifungua mtandao, kila tovuti inaniambia si salama. Fundi anasema Windows imechoka, nipige mpya. Kweli?
Mama wa Watatu, Unguja

JIBU: Wa aleikum salaam mama. Windows haijachoka. Kilichokwisha ni betri ya saa, ile ya duara kama sarafu iliyolala kwenye ubao mkuu, CR2032 ya volti 3. Duka la saa wanayo.

Tovuti zinakukatalia kwa sababu kila moja ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako inadhani tuko 2012, inakikuta cheti hakijaanza hata kutumika, basi inakataa. Ukipiga Windows mpya, kesho asubuhi utarudi pale pale.

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, badilisha betri, maandishi yaangalie juu. Washa, uingie BIOS, ile programu ya kiwandani inayoamka kabla ya Windows, urekebishe tarehe na saa. Jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: betri ikifa, BIOS hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Windows ikigoma kuwaka baada ya hapo, usikubali kuambiwa diski imekufa. Mwambie fundi atazame hali ya SATA humo ndani, yaani jinsi mashine inavyoongea na diski, kama imegeuka kati ya AHCI na IDE. Akiirudisha ilivyokuwa, inawaka.

SWALI: Dada, kijana wangu ameitwa chuo. Nina laptopu ya Core 2 Duo, RAM GB 2, Windows 7. Chrome inasema haiwezi kusasishwa. Nimpigie Windows 11 aende nayo?
Baba Mwanachuo, Mombasa

JIBU: Hongera mzee kwa kijana. Lakini hiyo mashine Windows 11 ya sasa haiwezi, hata kwa nguvu. Tangu toleo la 24H2 inataka amri fulani za prosesa ambazo Core 2 Duo haikuzaliwa nazo, hivyo haiwaki kabisa. Windows 7 yenyewe iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kwake ilikuwa namba 109, mwanzoni mwa 2023. Asiingilie benki wala malipo yoyote kwenye mashine hiyo.

Ungekuwa na GB 4 ningesema weka SSD na Mint Xfce, aandikie kazi zake. Kwa GB 2, akifungua kurasa nne za mtandao itaganda. Usitupie pesa hapo.

Tafuta ya mtumba ya kizazi cha 8. Lenovo ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5 ni ngumu, na vipuri vyake havisumbui. Lakini mtego uko hapa: laptopu hizo hizo ziliuzwa pia na prosesa za kizazi cha 7, kwa nje huwezi kuzitofautisha, na stika ya muuzaji si ushahidi. Mwambie aiwashe mbele yako, fungua "Properties" wewe mwenyewe. Ukisoma i5-8250U au i5-8350U, endelea kupatana bei. Ukisoma i5-7300U, mrudishie.